Mwenye Motokaa Naye Ni Mwenda kwa Miguu

Wasomaji wetu, katika mazungumzo ya makarani siku hizi husikika malalamiko mawili, nayo hutolewa kana kwamba yapingana. Wale wachache miongoni mwetu waliojaliwa kununua motokaa, wengi wao kwa mkopo watakaoulipa kwa miaka, hulalamika kwamba mjini hakuna mahali pa kuiweka. Wale walio wengi, waendao kwa miguu, kwa baiskeli au kwa basi, hulalamika kwamba motokaa zimewekwa kila mahali, hata pale walipoachiwa watu pa kupita. Mmoja asema nafasi hazitoshi. Mwingine asema zimezidi. Sisi twadhani kwamba wote wawili wasema kweli, na ya kuwa shida yao ni moja.

Shida yenyewe ni hii: mji wetu umezoea kuhesabu mahali pa kuegesha kuwa ni ardhi iliyobaki baada ya mambo mengine kupangwa. Jengo huchorwa na mtu aliyesomea kazi hiyo, na barabara hupimwa na mpimaji. Lakini uwanja wa motokaa hujipanga wenyewe, kwa nguvu za yule anayewahi asubuhi. Nia yetu katika makala haya ni kuonyesha kwamba mahali hapo napo ni kazi ya kupimwa na kuchorwa, na ya kuwa anayepachora hana budi kuanza na mtu anayetembea, ndipo afuate gari. Maana hakuna mwenye motokaa asiye mwenda kwa miguu. Pindi afungapo mlango wa gari lake na kutia ufunguo mfukoni, amekwisha kuwa mwenzetu, naye yambidi kuvuka uwanja ule ule kati ya magari ya watu wengine.

Tuanze na mji tuujuao zaidi, yaani Dar es Salaam. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilikuta wakazi 4,364,541 katika mkoa huo. Ile ya mwaka 2022 ilikuta 5,383,728. Katika miaka kumi wameongezeka zaidi ya milioni moja. Lakini njia za katikati ya mji zilichorwa zamani, enzi za Wajerumani na Waingereza, wakati motokaa zilipokuwa za kuhesabika. Huko Kariakoo nyumba za chini za Kiswahili zimeondoka kwa wingi, na mahali pake yamesimama maghorofa yenye maduka na stoo, juu ya viwanja vile vile na kando ya barabara zile zile. Palipokaa jamaa chache, leo pana wachuuzi, wateja, wapagazi, mikokoteni, bajaji, pikipiki na malori yanayopakua. Hapo ndipo motokaa hupanda juu ya njia ya miguu, na mama mwenye mtoto mgongoni hushuka barabarani ili alizunguke gari lililosimama. Gari hilo halikumgonga. Lakini limempeleka mbele ya lile liwezalo kumgonga.

Neno hili kuegesha watu wa pwani hulitumia pia kwa chombo kinacholetwa kando ya gati. Nahodha mwenye akili haegeshi chombo chake katika mlango wa bandari, wala hakifungi mahali ambapo wenzake hawawezi kupita. Hutazama kwanza ukubwa wa mahali, kisha njia ya wengine, kisha njia yake ya kutokea. Mambo hayo matatu ndiyo yampasayo mpangaji wa uwanja wa motokaa.

Basi tuanze na ukubwa. Sisi makarani tu watu wa hesabu, nasi twajua kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nafasi ya motokaa moja ya kawaida huchorwa kwa upana wa mita 2.5 na urefu wa mita 5, yaani mita za mraba 12.5. Lakini gari haliruki kama ndege. Lahitaji njia ya kuingilia. Nafasi zikitazamana pande mbili, njia ya kati yapasa iwe na upana wa karibu mita 6, ili gari ligeuke bila kugusa jingine. Nusu ya njia hiyo huhesabiwa kwa gari la upande huu, na nusu kwa la upande ule. Kwa hiyo kila gari huongezewa mita za mraba 7.5. Tumekwisha fika 20, wala hatujaweka lango, njia ya watu, miti wala mfereji. Tukiviweka, motokaa moja yadai mita za mraba 25 hadi 30. Uwanja wa motokaa 100, basi, hauwezi kupungua mita za mraba 2,500, nayo ni zaidi kidogo ya theluthi moja ya kiwanja cha mpira.

Tulinganishe hesabu hiyo na mambo tuyajuayo. Kizimba cha mchuuzi chenye mita 2 kwa 2 ni mita za mraba 4. Mahali pa motokaa moja wangekaa wachuuzi sita. Katika chumba cha mita 5 kwa 5 hukaa makarani wanne na meza zao na kabati la mafaili. Gari moja lililomleta mtu mmoja latumia ardhi ya makarani wanne, nalo hukaa hapo kutwa bila kufanya kazi. Hatusemi hivi kwa kijicho. Twasema ili ijulikane kwamba nafasi ya kuegesha si kitu cha bure, hata pale isipotozwa ushuru. Pana mtu aliyeilipa, ama kwa fedha zake, ama kwa ardhi yake, ama kwa njia yake ya miguu aliyonyang'anywa.

Tena katika nafasi ile ile ya gari moja, ya mita za mraba 12.5, zaweza kufungwa baiskeli kumi, au kusimamishwa pikipiki tano. Kwa hiyo twashangaa kuona ofisi ambazo karani mwenye baiskeli huambiwa aiegemeze ukutani nyuma ya choo, akute imepata kutu au haipo kabisa. Nafasi zilizo karibu na mlango zapasa wapewe kwanza hao waletao watu wengi kwa ardhi kidogo, nao wawekewe vyuma madhubuti vya kufungia na paa la kuzuia mvua.

Sasa tuje kwenye usalama. Wengi hudhani kwamba hatari iko katika barabara kuu tu, na ya kuwa ndani ya uwanja hakuna la kuogopa, maana magari huenda polepole. Hayo si kweli. Uwanjani magari hurudi nyuma, na dereva arudiye nyuma huona kidogo sana. Mtoto mdogo ni mfupi kuliko kioo cha nyuma. Gari liendalo kilomita 10 kwa saa hupita karibu mita 3 kila sekunde. Liendalo kilomita 30 hupita zaidi ya mita 8. Mtu atokeapo ghafula kati ya magari mawili, sekunde moja ya dereva kushtuka ndiyo yaamua nani atafika nyumbani. Kwa sababu hiyo twaandika hapa kanuni chache, ambazo kila mmoja wetu aweza kuzikumbuka.

Kwanza, ichorwe njia ya miguu kutoka langoni hadi mlango wa jengo kabla nafasi moja ya gari haijachorwa. Iwe na upana usiopungua mita moja na nusu, iinuliwe au ilindwe kwa nguzo fupi, hata gari lisiweze kupanda. Tena iwe fupi na iliyonyoka, maana watu hawafuati njia ya kuzunguka kwa sababu tu mchoraji aliipenda. Anayetaka kujua njia hiyo ipite wapi, na atazame vijia vilivyokanyagwa na watu majanini; vyamwonyesha ramani iliyo ya kweli kuliko yake.

Pili, lango liwe mbali na njia panda, na kizuizi cha askari wa lango kiwekwe ndani kwa urefu wa magari mawili au matatu. Kizuizi kikiwekwa ukingoni mwa barabara, kila gari linalongoja kufunguliwa hufunga njia ya watu na ya mabasi pia. Na pale gari livukapo njia ya miguu ili liingie, njia hiyo ibaki sawasawa. Gari ndilo lipande, si mtu ndiye ashuke. Dereva akipanda hupunguza mwendo bila kuambiwa.

Tatu, magari yaingie katika nafasi kinyumenyume na kutoka kwa mbele. Dereva aingiapo amekwisha pita mbele ya mahali pale, naye ajua kwamba ni patupu. Lakini aondokapo baada ya saa nane hajui ni nani yuko nyuma yake. Akitoka kwa mbele macho yake hutangulia. Mahali palipo pembamba nafasi zaweza kuchorwa kwa mshazari, na njia ya kati ikawa ya kwenda upande mmoja tu. Hapo karibu mita 4 na nusu zatosha badala ya 6. Mshazari nao uelekezwe upande utakaomwezesha dereva kuingia kwa nyuma.

Nne, pawe na mistari, na pawe na vizuizi vya magurudumu. Pasipo mistari, gari moja hukaa mahali pa mawili na hakuna awezaye kumlaumu mwenyewe. Pasipo vizuizi, pua ya gari, ambayo hutokeza zaidi ya nusu mita mbele ya magurudumu, huingia katika njia ya miguu na kuila.

Tano, zitengwe nafasi za walemavu karibu kabisa na mlango, pasipo ngazi wala mchanga, zenye upana wa mita 3.6, kwa kuwa mwenye kiti cha magurudumu ahitaji kufungua mlango wote na kukisimamisha kiti chake kando. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yataka majengo ya umma yaweze kufikiwa nao. Haifai sheria ikae katika kabati la ofisi, na mwenye haki akae nje ya lango la ofisi hiyo hiyo.

Sita, mizigo itengwe na watu. Lori la kupakua liwe na mahali pake na saa zake, hasa kama Kariakoo, ambako mlango wa duka ndio stoo na ndio njia. Lori likipakua alfajiri halimzuii mteja wa saa nne.

Baada ya hayo yapo mambo ya jua na mvua, ambayo vitabu vya nchi za baridi havituelezi vya kutosha. Uwanja wa lami usio na mti ni tanuri. Lakini miti nayo huchaguliwa. Mnazi si mti wa uwanja wa motokaa, kwani nazi ikianguka huvunja kioo, na kichwa pia. Mwarobaini hutoa kivuli chema, nao huvumilia ukame. Mti mmoja kwa kila nafasi chache watosha, nao upandwe mahali ambapo kivuli chake chawafikia waendao kwa miguu vilevile.

Mvua nayo yataka hesabu. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Basi mvua ya milimita 50, ambayo si ajabu siku moja ya masika, ikianguka juu ya uwanja wetu wa mita za mraba 2,500, ni lita 125,000, yaani mapipa 625 ya lita 200. Uwanja ukiwa ni udongo na majani, sehemu ya maji huzama. Ukiwa ni lami tupu, karibu yote humwendea jirani wa chini. Wanaokaa kando ya bonde la Msimbazi wajua maji ya mjini huishia wapi. Kwa hiyo uwanja uinamishwe sentimita moja au mbili kwa kila mita, kuelekea mfereji na vitalu vya miti, na mahali pa magari yasiyo mazito yapangwe matofali madogo ya saruji yenye nafasi za kunywesha maji. Wala maji yasielekezwe kwenye njia ya miguu, kama tuonavyo mahali pengi, ambapo gari husimama pakavu na mtu hupita dimbwini.

Tusisahau usiku. Wapo dada zetu wa ofisini, wachapaji, wahasibu na wauguzi, watokao kazini giza limeingia. Taa moja kubwa langoni haiwasaidii. Humwangaza askari tu, na kati ya magari hubaki giza. Taa ziwe nyingi na ndogo, zimulike njia ya miguu yote, na uzio wa miti ukatwe usizidi kiuno cha mtu, ili wapitao nje waone ndani. Kibanda cha mlinzi kiwekwe mahali ambapo ataiona njia ile, wala asiwe na kazi ya kutazama lango peke yake.

Wako wasemao: Kwa nini kubana hivi? Na tujenge juu, au tuchimbe chini, tupate nafasi maradufu. Hatukatai. Ghorofa la magari laweza kuokoa ardhi katikati ya mji. Lakini hata humo kila gari lahitaji njia ya kati na mteremko wa kupandia, na jengo lahitaji nguzo zinazovunja mpango wa nafasi. Zaidi ya hayo pana moto na uzito. Huko Liverpool, tarehe 31 Desemba 2017, gari moja liliwaka katika ghorofa la magari, na moto ukateketeza motokaa zaidi ya 1,000. Mwezi wa Oktoba 2023 yalitokea vivyo hivyo katika uwanja wa ndege wa Luton, pia Uingereza, katika ghorofa lililokuwa jipya. Nayo sehemu ya jengo ikaanguka. Majengo yote mawili hayakuwa na mabomba ya dari yanayomwaga maji yenyewe moto uwakapo. Na tarehe 18 Aprili 2023, katika mji wa New York, ghorofa la magari la zamani lilibomoka na mtu mmoja akafa. Ikiwa mambo hayo yametokea katika nchi zenye wakaguzi wengi na magari mengi ya zimamoto, sisi yatupasa kuuliza mambo matatu kabla ya kushangilia ghorofa jipya: Maji ya kuzima moto yako wapi? Watu watatoka kwa ngazi zipi? Na ni nani atakayeikagua saruji baada ya miaka ishirini?

Sasa twafika penye neno gumu, nalo ni bei. Kipima saa cha kwanza cha kulipia maegesho kiliwekwa barabarani katika mji wa Oklahoma City, Marekani, tarehe 16 Julai 1935, kwa senti 5. Wenye maduka walikuwa wameona kwamba magari ya wafanyakazi yalikaa kutwa mbele ya milango, na mteja wa nusu saa hakupata mahali. Tangu mwaka huo hoja haijabadilika. Profesa Donald Shoup wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliyefariki mwaka 2025, aliandika mwaka 2005 kitabu kikubwa juu ya jambo hili. Fundisho lake ni kwamba ushuru uwekwe kwa kiasi cha kubakiza nafasi moja au mbili tupu katika kila mtaa, na fedha zitumike katika mtaa ule ule, kwa njia za miguu, taa na usafi. Wajapani wao walitunga sheria mwaka 1962, ambayo kwayo mtu atakaye kumiliki motokaa katika miji yao hana budi kuthibitisha kwanza kwamba anayo nafasi ya kuiweka, isiyo mbali na nyumbani kwake.

Twajua kwamba wengine watatuambia: Ninyi makarani mwasema hivyo, na ushuru utawaumiza ninyi kwanza, mishahara yenu ikiwa kama ilivyo. Neno hilo lina nguvu, wala hatulipuuzi. Lakini tulitazame vizuri. Walio wengi katika chama chetu hawana motokaa. Nafasi ya bure si zawadi kwao. Ni ardhi ya umma anayopewa mwenye gari, na gharama yake hulipwa na asiye nalo. Tusikatae ushuru wenyewe. Tudai utumike mahali pake. Mlipaji akiona taa, mistari, mfereji na njia ya miguu, atajua alicholipia. Asipoviona, manung'uniko yake yatakuwa ya haki.

Kuna jambo moja zaidi, nasi twalisema kwa heshima. Katika viwanja vingi vya ofisi nafasi njema kuliko zote, zile za kivulini karibu na mlango, zimeandikwa vyeo vya wakubwa. Mkubwa akiwa safarini juma zima, nafasi yake hubaki tupu juma zima, na kiti cha plastiki au tofali huwekwa katikati kuilinda. Wakati huo huo mzee aliyekuja kufuatilia mafao yake hushushwa barabarani, avuke jua lote kwa mkongojo. Hatusemi mkubwa asiwe na nafasi; kazi yake yaweza kumlazimu kuondoka kwa haraka. Twasema nafasi ya karibu ni ya miguu iliyo dhaifu, na ya pili ni ya kazi iliyo ya haraka, na cheo kifuate baada ya hapo. Mkuu wa idara atakayeihamisha motokaa yake hatua thelathini kutoka mlangoni kwa hiari yake, amefundisha ofisi nzima kwa siku moja kuliko waraka wa kurasa kumi.

Wala tusidhani kwamba dawa yote iko katika kuongeza nafasi. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kwenda kati ya Kimara na Kivukoni mwezi wa Mei 2016, watu wengi waliona kwamba mtu aweza kufika mjini bila kuja na kitu cha kuegesha. Shida za mabasi hayo twazijua, za kungoja na za kusongamana. Hata hivyo basi moja lililojaa hubeba watu ambao, kila mmoja akija na motokaa yake, wangedai uwanja mzima. Karani anayetaka nafasi mjini na ashirikiane na wadaio mabasi mema, kwa maana kila mtu apandaye basi amemwachia mwenzake nafasi.

Na huko Dodoma, ambako wizara zetu zimehamia, kuna bahati ambayo Dar es Salaam haikuipata. Mji uliotangazwa kuwa makao makuu mwaka 1973 ulichorewa mpango mwaka 1976, na mpango huo uliwafikiria sana watu waendao kwa miguu, kwa baiskeli na kwa basi. Ardhi ingaliko, na majengo mengi ndiyo kwanza yainuka. Lakini upana wa ardhi nao una mtego wake: palipo na nafasi nyingi mtu hutandaza lami bila kufikiri, na karani hujikuta akivuka jangwa kati ya ofisi moja na nyingine. Tukikosea huko hatutapata wa kumlaumu.

Yatupasa basi kufanya nini? Kuna mambo yaliyo juu ya uwezo wetu, kama barabara na maghorofa. Lakini uwanja wa ofisi si jambo la mbali. Twapendekeza kila tawi la chama lichague watu watatu: mmoja mwenye motokaa, mmoja aendaye kwa miguu au baiskeli, na mmoja mlemavu au aliye mzee. Wachukue kamba ya kupimia, na wapime uwanja wa ofisi yao siku moja baada ya kazi. Wachore katika karatasi lango, mlango, miti, mahali maji yasimamapo, na mahali watu wapitapo kweli. Kisha waweke njia ya miguu kwanza, nafasi za walemavu pili, baiskeli na pikipiki tatu, na motokaa katika ardhi itakayobaki. Ofisi nyingi zitaona kwamba magari yaliyopangwa vizuri yaenea pale pale yalipokuwa yakibanana. Gharama ni rangi nyeupe, vizuizi vichache vya saruji, taa, na miche ya mwarobaini.

Ramani hiyo ipelekwe kwa mkuu wa ofisi kwa barua ya adabu, yenye vipimo, tarehe na majina ya waliopima. Nakala ibaki katika faili la tawi. Barua isiyo na vipimo hujibiwa kwa ahadi; yenye vipimo humlazimu aliyeipokea kukubali au kutoa sababu. Hali kadhalika matawi ya mjini yaweza kuiandikia halmashauri juu ya mtaa mmoja tu, ule ambao njia yake ya miguu imezibwa zaidi, badala ya kulalamikia mji mzima kwa jumla.

Ndugu zetu wenye motokaa wasitudhanie kuwa adui zao. Ombi letu kwao kwa leo ni dogo: kesho asubuhi, kabla ya kulizima gari, wageuze shingo waone wamesimama juu ya nini. Ikiwa ni juu ya njia ya watu, na wasogee. Na sisi wenda kwa miguu tuwe tayari kuwatetea wapate mahali halali pa kusogea.